Wiki nane za Jambiani zilikuwa bamvua nne, na yeye aliipata moja

Mwanafunzi wangu alikuja na jedwali kwenye laptopu. Wiki nane, kila wiki rangi yake, ya kwanza kuzoea, ya pili na ya tatu mahojiano, ya nne mapumziko, ya tano mpaka ya saba kurudi kijijini kukusanya data, ya nane kuandika ripoti na kununua zawadi. Alinionesha siku ya pili tu tangu ashuke uwanja wa ndege, tumekaa Forodhani na glasi zetu za juisi ya miwa, na mie nikalisifia kwa sababu kweli lilikuwa zuri, na kwa sababu sikulisoma. Ningelisoma ningeona kitu ambacho shangazi yangu alikiona mara moja tu, mwezi mmoja baadae, tushachelewa.

Ntamwita mgeni maana ndo jina walilompa mtaani na akalibeba mpaka mwisho. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka Marekani, anasoma mazingira ya bahari, chuo chake kilimpa hela aje Unguja likizo yao ndefu ya 2025, ashuke Jumamosi ya tarehe 14 Juni aondoke Jumamosi ya tarehe 9 Agosti. Mada yake wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki. Kazi yangu mie ni kuwafundisha Kiswahili wanafunzi kama yeye na kuwatafsiria wakienda vijijini, kwaiyo kwenye lawama za kisa hiki nna fungu langu na sitolikwepa. Ameniruhusu niandike, sharti lake jina lisitoke.

Kwa asiyeujua mwani kidogo tu. Kilimo cha biashara kilianza vijiji vya Paje na Jambiani mwaka 1989 kwa mbegu za kutoka Ufilipino, na mpaka leo wanaokifanya wengi ni kina mama. Unaanika unauza, unasafirishwa nje, huko wanatoa ile kitu ya kugandisha inayoingia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Aina ziko mbili, spinosum na cottonii, na cottonii ndo yenye bei lakini haivumilii maji ya moto, na maji ya kina kifupi yamezidi kuwa ya moto, sehemu nyingi ikafa na watu wakabaki na spinosum ya bei ndogo. Hicho ndo alichokijia mgeni, joto la bahari na mfuko wa mwanamke. Mada nzuri, sina neno.

Sasa shamba lenyewe liko baharini, na unaliingia maji yakikupwa. Na si kila kukupwa. Maji yanakupwa mara mbili kwa siku, hilo kila mtu wa pwani analijua, lakini yanatoka sawasawa, mpaka mtu anatembea kwa miguu yake mbali kule shamba lilipo, kwenye bamvua tu, yaani siku za mwezi kuandama na siku za mwezi mpevu, siku kama tano sita hivi, alafu unasubiri tena siku kama tisa. Na bamvua ya huku ina uungwana wake, maji yanafika chini kabisa asubuhi mnamo saa nne, saa tano, jua liko juu unaona unachokifanya. Katikati hapo ni maji mafu, bahari haijai sana wala haitoki sana, shamba limefunikwa, watu wanashika mambo mengine. Ndo maana mtu wa mwani ukimdai hakupi tarehe, anakwambia bamvua ijayo inshallah.

Kwaiyo wiki nane za Jambiani si wiki nane, ni bamvua nne. Mwaka ule mwezi mwandamo uliangukia 25 Juni, mpevu 10 Julai, mwandamo tena 24 Julai, mpevu 9 Agosti. Ukiangalia hapo, ile ya nne inaanza siku yake ya kupanda ndege. Zimebaki tatu. Na bado hatujaanza kuharibu.

Ya kwanza iliondoka na makaratasi. Taasisi iliyompokea, siitaji, ilimwandikia kwamba aje na viza ya kawaida, Wamarekani wanalipia dola 100, na ile bima ya lazima ya Zanzibar ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024, basi kamaliza. Hajamaliza. Ukishauliza watu maswali ukaandika majibu ukapeleka chuoni huo ni utafiti, utafiti unataka kibali, na Zanzibar ina utaratibu wake mbali na ule wa COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya bara, wapo mpaka maprofesa wazima wanaokuja na kibali cha bara mkononi wanashangaa hakitoshi. Ikabidi aanze hapo hapo, barua ya chuo, andiko la utafiti, picha za pasipoti, barua ya mwenyeji, na barua ya chuo yenyewe ilitakiwa itoke kwa mtu ambaye huko kwao yuko likizo hajibu imeili. Unaona mzunguko ulivo. Yeye yuko huku kwa sababu ni likizo, na mtu wa kumsainia hayupo kwa sababu hiyo hiyo likizo.

Alikaa mjini anasubiri, akawa anaenda kuogelea na wenzake wa hosteli, Kiingereza kutwa kucha. Karatasi ilitoka Ijumaa 27 Juni.

Na hapa ndo naingia mie. Ijumaa ile usiku nikampigia shangazi Jambiani, akasema kesho bado bahari ipo, inatoka kwenye saa tano na nusu hivi, mlete. Nikampelekea mgeni ujumbe kwenye WhatsApp: tukutane Darajani saa 9. Kwa akili yangu nilimrahisishia, nikaandika saa ya kizungu, tisa ya asubuhi, daladala la 309 likijaa mapema tutafika kabla ya tano na nusu. Yeye kumbe kashasoma darasani, tena na mie mwenyewe ndo nilomfundisha, kwamba Mswahili akikwambia saa tisa we ondoa sita, ni alasiri. Akajisikia fahari kwamba safari hii hakosei. Mie niko Darajani asubuhi nimesimama kwenye jua nampigia simu haipokei, kalala, na yeye kaja alasiri saa tisa juu ya alama, kapaka mafuta ya jua, kofia, viatu vya majini mkononi. Kila mmoja alimtafsiria mwenzake, tukapishana kwa masaa sita kamili.

Tulikwenda hivo hivo maana alishakuja. Kufika Jambiani jua linaelekea kuchwa, bahari imejaa mpaka kwenye kuta za nyumba. Shangazi katoka nje kajitanda kanga yake, katazama maji, katutazama sisi, kasema "karibuni chai."

Tangu siku ile nikiandika saa lazima niweke na neno, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri, hata kama naandikia mtu wa kwetu.

Siku zilofata, za maji mafu, ndo akafanya mahojiano yake ya kwanza. Kabla ya yote tulipita kwa sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, maana kibali cha mjini bila sheha kujua ni karatasi tu, na sheha hakuwa na shida, alisoma barua yote taratibu mbele yetu, akauliza matokeo yatarudi kijijini kwa njia gani. Mgeni hakuwa na jibu. Swali lile liweke pembeni, tutalirudia.

Dodoso lake lilikuwa na maswali 40, na Kiswahili chake kilitoka kwenye programu ya kutafsiri, aliona mie nitakuwa bize asinisumbue. Swali la kwanza kabisa lilisomeka "Umekuwa ukijihusisha na ukulima wa magugu ya bahari kwa muda gani?" Mama wa kwanza aliposomewa akacheka mpaka akaegemea ukuta, akamwita jirani, "we njoo usikie, eti sie tunalima magugu." Jirani akaja akajibu, "magugu yamenijengea nyumba hayo." Kicheko kiliwasaidia kuzoeana kwa kweli, lakini swali la 12 ndo lilomwangusha, unapata kipato kiasi gani kwa mwezi. Mwezi upi, wakamuuliza, wa kizungu au wa kiislamu? Akasema wowote. Wakatazamana. Mmoja akajibu hakuna kitu, mwengine akataja pesa nyingi ajabu, wa tatu akasema we andika tu unavoona. Na hawakuwa wanamdanganya. Mwani unauzwa ukishavunwa ukakauka, unavunwa kwenye bamvua, mmea wenyewe unataka wiki sita hivi kukomaa, kuna mwezi wa kalenda unauza mara mbili na kuna mwezi huuzi kitu. Ukimlazimisha mtu akugawie pesa yake kwa Juni na Julai anakutajia namba yoyote akuondoe. Alikuwa na fomu 11 zilojazwa na hata moja haikuwa na maana pale pa muhimu.

Alafu ikaja Saba Saba, sikukuu, wenzake wa hosteli wanakwenda Serengeti kuona nyumbu, kuna nafasi moja kwenye gari. Tarehe 8 kaondoka, tarehe 14 karudi. Bamvua ya mwezi mpevu wa tarehe 10 ilikuja ikaondoka yeye yuko bara. Mimi nilijua. Nikanyamaza, nikajiambia mtoto wa watu kalipa hela yake, nani anafika Tanzania akaikosa Serengeti. Na simlaumu kwenda, ishu ni zile siku tu. Nyumbu wa upande wa kaskazini wapo Julai yote, na Agosti yote, angeweza kwenda wiki ya mwanzo ya Julai au wiki ya baada, wakati huku maji mafu hakuna kitu cha kumpotea. Angebadilisha siku chache tu. Hakuna alomwambia, na mtu wa kumwambia alikuwa mie.

Basi tarehe 15 tukaenda tena Jambiani, mgeni kachoka na moyo umemshuka, nusu ya muda imekwisha na hajaukanyaga mwani. Akamfungulia shangazi laptopu amuoneshe mpango wa wiki zilobaki. Shangazi kavaa miwani, kaangalia zile rangi, kanyoosha kidole akauliza, "na bahari umeiandika wapi hapa?"

Mgeni akasema ndo hii, wiki ya tano, kukusanya data.

"Aa. Hapa umeandika kuja kulima bahari imejaa, na hapa bahari imetoka umejiandikia kulala. Nani kakupangia?"

Akaomba kalamu na karatasi ya kawaida, akachora vimwezi. Kimoja kichanga, kimoja kizima, kichanga, kizima. Akaweka nukta chini ya kila kimoja. Alafu akamuuliza anaondoka lini, akaambiwa, akaweka kalamu chini. "Basi una bahari moja, mwanangu. Na ya pili utaichungulia tu. Lete mabegi yako ukae hapa."

Kesho yake alihama hosteli. Tulikubaliana hela ya chumba na chakula mwanzo kabisa, kwa uwazi, hilo nalisisitiza maana wenyeji wengi tunaona haya kutaja pesa alafu tunanung'unika mgeni akishaondoka.

Sasa kitu ambacho mie sikukitegemea. Nilidhani zile siku nane tisa za kusubiri bamvua ya tarehe 24 zitakuwa kukaa bure. Ndo zilikuwa Kiswahili chake chote. Maji mafu kina mama hawalali, wanakaa barazani wanarekebisha kamba za mwani, wanakatakata vile vikamba vidogo vya kufungia mbegu, wengine wanafukua makumbi ya nazi waliyoyafukia ufukweni miezi huko nyuma, wanayaponda yatoke usumba, zile nyuzi zake, wanasokota kamba. Kazi ya mikono, mdomo uko huru. Mgeni alikaa nao kutwa, mikono imechubuka, na hapo hana dodoso wala kinasa sauti. Siku ya tatu akaambiwa kamba yake mbovu, akaifumua. Siku ya nne akaamka na "shikamoo shangazi" kabla sijamkumbusha, akajibiwa "marahaba mwanangu, umelala salama?" na akaendelea mwenyewe sentensi tatu nne bila kunitazama. Miezi miwili ya darasa la mtandaoni kabla hajaja haikumpa hivo. Na yale mambo ya kipato aloshindwa kuyapata kwa swali la 12 yakawa yanatoka yenyewe, nani kauza bamvua ilopita, nani kaliwa mbegu na samaki, nani kampa mwenziwe mbegu kwa makubaliano gani.

Usiku akakaa akalifuta dodoso lote. Maswali 40 yakabaki tisa, na kila palipoandikwa mwezi akaweka bamvua. Profesa wake akamwandikia kutoka huko aliko, hiki kipimo cha bamvua umekitoa wapi, mbona hakimo kwenye andiko lako. Akacheka sana siku ile.

Bamvua yenyewe niieleze kidogo maana nilikuwepo. Ijumaa 25 Julai, tumetoka nyumbani saa tatu na nusu asubuhi, kusi inavuma kweli kweli, baridi ya kipupwe na miguu iko majini. Maji yanajivuta, mchanga mweupe unatokea, alafu unatembea, unatembea, mpaka ukigeuka nyuma minazi imekuwa midogo. Shangazi kabeba gunia la mbegu kichwani, mgeni kabeba vijiti na nyundo. Kijiti kinapigwa chini mpaka kikaze, hatua kadhaa mbele unapiga kingine, kamba inafungwa huku na huku, na kwenye kamba ndo zinaning'inia mbegu, vitawi vidogo vya saizi ya ngumi. Fundo lisikaze sana likakata tawi, lisilegee wimbi likachukua. Mgeni alifunga kamba moja kwa muda ambao shangazi kafunga nne. Alipomaliza ya tatu maji yashaanza kurudi kwenye vifundo vya miguu, na hapo hakuna anokwambia muda umekwisha, unaangalia tu wenzako wanavoinamisha migongo kukusanya vitu vyao. Mgeni alitaka amalizie ya nne. Shangazi akamshika mkono, "bahari haina simile, twende."

Kamba tatu. Hizo zilikuwa zake, walimwambia, zako hizi.

Ila hapo ndo hesabu inapouma. Mwani uloufunga 25 Julai unauvuna mwanzoni mwa Septemba. Yeye tarehe 8 Agosti, siku moja kabla ya ndege, maji yameanza kutoka vizuri ya ule mwezi mpevu, alikwenda akaziona, vitawi vimenenepa vimekuwa kama kichwa cha mtoto mchanga, akazipiga picha, akarudi kufunga begi. Lau angefunga bamvua ile ya kwanza ya Juni, na akawa amesogeza tiketi mbele wiki moja, afike 21 Juni aondoke 16 Agosti, angepanda ya kwanza, angepalilia ya pili na ya tatu, na ya nne angevuna, akaanika, akauza, akajua pesa inavoshikwa mkononi. Wiki ni zile zile nane. Chuo chao kilifunguliwa 25 Agosti, kwaiyo nafasi ilikuwepo. Nimeipiga hesabu hii mara nyingi, inanikera kwa sababu imekaa wazi mno.

Watu nilowahadithia wengi wanakimbilia kusema tatizo lilikuwa lugha, au hosteli ya wazungu, au utalii. Mie naona hivo vyote ni vitoto vya kitu kimoja. Alikuja na kalenda ya kwao na hakuna upande wa huku alomkabidhi ya kwetu. Kwao hii ni likizo ya kiangazi, jua kali, mambo yamesimama. Huku Juni mpaka Agosti ni kipupwe, msimu wa kazi, na kila kazi ina siku zake ambazo hazijui kama kuna mgeni. Nna jamaa yangu Moshi alipokea kijana aliyejitolea kufundisha Kiingereza shule ya msingi, kaja Juni, shule za bara zimefungwa, kijana akapaka rangi madarasa wiki tatu hana wa kumfundisha. Ukienda Afrika Kusini Julai ni baridi na vyuo viko mapumziko. Ethiopia miezi hiyo ndo mvua kubwa, kalenda yao mbali na hata saa zao wanahesabu kama sisi, kwaiyo ule mkasa wangu wa Darajani unaweza kumpata mtu Addis vile vile.

Kwaiyo mwanafunzi akiniandikia sa hivi, swali langu la kwanza si anataka kujifunza nini. Namuuliza anataka kukaa na watu gani, alafu nawapigia hao watu niwaulize wanahesabu siku zao vipi, ndo tunarudi kwenye tiketi. Tiketi ije mwisho. Na kibali kianze Machi, profesa angali ofisini.

Kuna jambo lingine sina uhakika nalo kama nililitafsiri sawa. Mgeni aliniambia siku ya kuondoka kwamba zile siku za barazani za kusokota kamba ndo alijihisi kama anapoteza muda kuliko siku zote, hata kuliko akiwa Serengeti, kila jioni akiandika kwenye daftari lake "leo sikufanya kitu". Aliposoma upya daftari ndani ya ndege ndo akakuta karibu kila kitu alichokitumia kwenye ripoti kimo kwenye kurasa zile. Mie nadhani ni kwa sababu pale alikuwa na kazi ambayo mtu mwengine anaweza kumwambia umekosea. Mahojiano hakuna anokwambia umekosea, watu wanakujibu kwa adabu tu mpaka unaondoka. Kamba mbovu inaonekana.

Lile swali la sheha, matokeo yatarudi vipi, lilijibiwa kwa njia ndogo. Ripoti yake iliandikwa Kiingereza, lakini alitengeneza kurasa mbili za Kiswahili, nikamsahihishia, hakuna magugu hata moja, na ndani yake jedwali la nani aliuza nini bamvua gani, bila majina. Sheha kaibandika ofisini kwake. Kina mama walilisoma, wakabishana nalo, wakasema bamvua moja hapa kakosea, na kweli alikosea, tukarekebisha kwa kalamu pale pale ukutani. Profesa amesikia, kataka picha ya ule ukuta.

Na zile kamba tatu. Bamvua ya mwanzoni mwa Septemba, ile ya tarehe 7 ambayo usiku wake mwezi ulipatwa ukawa mwekundu watu wako nje wanatazama, asubuhi ya baada yake shangazi aliingia baharini akazivuna. Akamrekodia mgeni sauti kwenye simu yangu, upepo mwingi humsikii vizuri, anasema kamba zako mbili zimetoka vizuri, moja ile ya mwisho ulilegeza fundo nusu imekwenda na maji, sasa niambie nikuanikie niuze nikuwekee pesa yako, au nirudishe mbegu.

Nikampelekea. Huko kwao usiku wa manane, nikajua atajibu kesho. Alijibu papo hapo, Kiswahili chake mwenyewe, na kosa moja la tahajia ambalo sikulisahihisha: "Rudisha mbegu shangazi, na lile fundo nionyeshee tena nikija, ntafika kabla ya bamvuwa."